Programu Huria na Faragha ya Mtumiaji

Programu huria ni programu ya kompyuta au simu ambayo msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, umewekwa wazi ili yeyote ausome, aubadilishe na kuwagawia wengine. Richard Stallman wa Marekani alitangaza GNU, mradi wa kuandika programu huria, mwaka 1983, na mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, akatoa kiini cha mfumo endeshi wa Linux. Kiini hicho ndicho kinachoendesha kila simu ya Android, hivyo wengi wanatumia kazi hiyo bila kujua.

Kwa faragha, uwazi huo una uzito mkubwa. Mwenye kutumia programu iliyofungwa hana budi kuamini anachoambiwa. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Marekani ilimshtaki mtengenezaji wa programu ya tochi iliyopakuliwa na mamilioni ya watu. Tochi hiyo ilikuwa ikizipelekea kampuni za matangazo taarifa za mahali mwenye simu alipo. Ilimwonyesha masharti, ikampa nafasi ya kukubali au kukataa. Kumbe taarifa zilikwisha kuanza kuondoka kabla hajabonyeza chochote. Yeye aliona taa inawaka, basi.

Tofauti yake huonekana kwa Signal, programu huria ya ujumbe. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliidai taarifa za mtumiaji, nayo ikaweza kutoa mambo mawili tu: tarehe akaunti ilipofunguliwa na siku ilipounganishwa mara ya mwisho. Mengine haikuwa nayo, na ujumbe wenyewe hufumbwa kwenye simu ya mtumaji na kufumbuliwa kwenye simu ya mpokeaji peke yake. WhatsApp nayo hufumba ujumbe kwa mbinu hiyohiyo ya Signal, ila msimbo wake umefungwa.

Kwa kazi za kila siku mbadala upo. Firefox hufungua tovuti, na ikiongezewa uBlock Origin huzuia matangazo yanayomfuatilia msomaji, na bando nalo hupona. VLC hucheza karibu kila aina ya video. LibreOffice huandika barua na kupiga hesabu, na hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuvurugika kidogo. Hata hivyo ni heri mara nyingi kuliko nakala za wizi zinazopitishwa kwa flashi, ambazo huweza kuja na virusi. Kiswahili hakikuachwa nyuma: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, tafsiri ya mtangulizi wa LibreOffice.

Uhuria hauzuii hila. Mwaka 2024 mhandisi Andres Freund aliona kuingia kwenye kompyuta yake kunachelewa kama nusu sekunde. Akafuatilia, akakuta mlango wa siri umepachikwa ndani ya xz, programu huria ya kubana mafaili. Msimbo ulikuwa wazi, ndiyo maana aliweza kuuchimba mpaka akafika kwenye hila yenyewe.

Asiye tayari kubadili programu anaweza kuanzia kwenye mipangilio ya simu, sehemu ya ruhusa. Huko kila programu imeandikwa pamoja na kile inachoruhusiwa kugusa. Tochi haina haja ya orodha ya namba za watu, wala kikokotoo hakihitaji maikrofoni. Ruhusa hizo hufutwa kwa kubonyeza mara chache tu.