Hisa za Kuambiwa Kariakoo

Kila msimu wa karafuu ukimalizika, wanachama wetu wengi huvuka kwenda Dar es Salaam. Karafuu zimekwisha pimwa kituoni, fedha imepokewa, na nyumbani pana mahitaji ya mabati, vyombo na nguo za watoto wa skuli. Wakishuka bandarini, njia yao ni moja: Kariakoo.

Sasa pamezuka jambo ambalo sisi wa ofisi ya Chama twaona yafaa tulizungumze. Katika maduka yale mwanachama hupewa khabari pamoja na bidhaa: "Nunua hisa za kampuni fulani. Mimi mwenyewe nimepata." Wako waliorudi kisiwani wamekwisha nunua, kwa neno hilo tu.

Hatusemi kuwa hisa ni jambo baya. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998, nalo lina sheria na mamlaka ya kulisimamia. Tunalosema ni kuwa neno la mwenzio, hata likiwa la kweli, ni la kweli kwa bei aliyonunulia yeye na siku aliyouzia yeye.

Tutazame mfano wa benki ya CRDB. Mwaka 2009 hisa zake ziliuzwa kwa umma kwa shilingi 150 moja. Miaka kumi baadaye, mwaka 2019, zilishuka hata zikakaribia shilingi 100. Kisha zikapanda, na mwaka 2024 zikavuka shilingi 600. Basi aliyenunua mwaka 2009 akachoka na kuuza mwaka 2019 atakwambia usizikaribie. Aliyenunua mwaka huo huo wa 2019 atakwambia ukimbilie. Wote wawili wasema kweli, na hisa ni zile zile. Lakini hapana hata mmoja wao anayekwambia lolote juu ya bei ya leo.

Wengine huona kuwa jina kubwa latosha. Mwaka 2017 kampuni ya simu ya Vodacom Tanzania iliuza hisa kwa umma kwa shilingi 850 moja, na maelfu ya wananchi wakanunua, wengi wao kwa mara ya kwanza. Jina walilijua, maana simu walikuwa nayo mkononi. Hata hivyo, katika miaka iliyofuata hisa zile mara nyingi ziliuzwa chini ya bei hiyo. Kuijua kampuni ni jambo moja. Kujua kama bei yake yafaa ni jambo la pili.

Tena liko jambo ambalo mtoa khabari hulisahau. Mwanachama wetu mmoja alinunua hisa kwa neno la rafiki yake, kwa fedha aliyoiweka kwa ujira wa wachumaji. Msimu ulipofika alitaka kuuza, lakini hisa zile zilikuwa na wanunuzi wachache, akangoja wiki kadhaa. Wachumaji hulipwa kwa pishi, tena siku ile ile, na karafuu zikipevuka hazingoji. Ikambidi akope. Rafiki yake hakumdanganya. Yeye hana shamba, basi hakulifikiri.

Na wapo wanaouziwa kitu kisicho hisa kabisa. Hatujasahau DECI, iliyoita watu "kupanda" fedha na "kuvuna" zaidi, mpaka Serikali ilipoizuia mwaka 2009 na wengi wakakosa mavuno na mbegu. Sisi wakulima twajua mkarafuu huchukua miaka mingapi kabla ya kuzaa. Mtu akituahidi mavuno ya haraka yasiyokosa, tumwulize shamba liko wapi.

Basi, ndugu mwanachama, ukiambiwa, sikiliza na ushukuru, kisha uulize. Alinunua lini, na kwa bei gani? Kampuni yapata faida kwa biashara gani, na imetoa gawio miaka iliyopita? Hesabu zake hutangazwa. Asiyeweza kuzisoma na azilete ofisini tuzisome pamoja. Anayejiepusha na riba atazame pia kama kampuni ni benki. Ukiamua kununua, nenda kwa dalali wa hisa mwenye leseni, uulize ujira wake wa kununua na wa kuuza, wala usimpe fedha mtu wa dukani akununulie. Na fedha ya wachumaji, ya ada ya skuli na ya matibabu isiguswe.

Twawajua wanachama wetu. Akitaka turubali la kuanikia karafuu, mtu huingia maduka matatu ya Kariakoo, akalivuta pembe, akalitazama juani, akapatana bei, ndipo akafungua mkoba. Hatuombi zaidi ya hayo. Kama turubali moja lastahili maduka matatu, mapato ya msimu mzima yastahili maswali matatu.

Wazee walitwambia tusiache mbachao kwa msala upitao. Mbachao wetu ni shamba, nalo lina magugu ya kupaliliwa na miche ya kupandwa. Linalobaki baada ya hayo ndilo la kwenda nalo sokoni.