Gari Lenye Mkuku wa Jahazi

Katikati ya miaka ya 1970, katika karakana za Rhodesia, nchi ambayo leo ni Zimbabwe, mafundi walikuwa na kazi ambayo ingemshangaza mtu yeyote wa gereji: walijaza maji ndani ya tairi za Land Rover. Dereva alijua kabisa kwamba gari litakuwa zito, usukani utakuwa mgumu na mafuta yatakwenda haraka. Alikubali yote hayo, maana barabara ya vumbi iliyokuwa mbele yake huenda ilikuwa imefukiwa bomu. Bomu likilipuka chini ya gurudumu, maji hutawanyika kama ukungu na kumeza sehemu ya joto na nguvu ya mlipuko kabla haijafika miguuni mwa dereva.

Mafundi hao hao walipanga magunia ya mchanga sakafuni. Juu yake walitandika vipande vya ule mkanda mzito wa mpira unaosafirisha mawe migodini. Hali ilipata nafuu kidogo, lakini watu waliendelea kufa.

Mabomu yenyewe yalikuwa ya Kisovieti, kama TM-46, kitu cha mviringo kinachofanana na sufuria iliyofunikwa, chenye karibu kilo 6 za baruti. Waliokuwa wakiyatega ni wapigania uhuru. Desemba 1972 jeshi la ukombozi la ZANLA lilifungua uwanja mpya wa vita kaskazini mashariki mwa nchi, na kuanzia hapo barabara za udongo zilizokwenda kwenye mashamba ya walowezi hazikuwa salama tena. Wengi wa wapiganaji hao walipata mafunzo Tanzania, katika kambi kama Mgagao mkoani Iringa, huku Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikiendesha shughuli zake Dar es Salaam. Gari ambalo leo huwabeba askari wa Uganda, Burundi na Kenya katika barabara za hatari lilibuniwa kwanza ili kuwaokoa watu waliokuwa upande wa pili wa vita hivyo.

Anayeliona gari la deraya kwa mara ya kwanza hudhani siri yake ni unene wa chuma. Chuma kinene husaidia dhidi ya risasi. Kwa bomu la ardhini mambo ni tofauti. Baruti inapolipuka chini ya gari, ndani ya sehemu ndogo sana ya sekunde hewa moto, mchanga na mawe hurushwa juu kwa kasi ya kutisha. Udongo ukiwa mzito na wenye maji, nguvu hiyo hubanwa pembeni na kuelekezwa juu zaidi. Sakafu ya gari la kawaida ni bapa, tena iko karibu na ardhi, kwa hiyo hupokea pigo lote kifua wazi. Hata isipotoboka, hujipinda kwenda juu na kuvunja vifundo vya miguu na uti wa mgongo wa aliyeketi.

Jibu lilikuwa kulipatia gari mkuku. Baharia wa Pwani anaujua vizuri: ni ule mti mrefu ulio chini kabisa ya jahazi, ambapo mbao za pande zote mbili huanzia na kupanda juu zikitanuka. Jahazi likienda, mkuku hupasua maji, nayo hugawanyika huku na huku. Tumbo la gari likijengwa kwa umbo hilo, mlipuko unakuta bamba lililolala kwa pembe badala ya ukuta uliosimama mbele yake, na sehemu kubwa ya nguvu yake hupita pembeni na kuishia hewani.

Mmoja wa walioitumia kanuni hiyo mapema alikuwa mhandisi Ernest Konschel, aliyebuni gari dogo lililoitwa Leopard. Vikwazo vya kiuchumi vilikuwa vimeibana Rhodesia, kwa hiyo alitumia kilichokuwapo: injini na vipuri vya Volkswagen Kombi. Katikati aliweka boksi la chuma lenye tumbo la mkuku, ambamo abiria waliketi wamefungwa mikanda. Magurudumu aliyasogeza mbali, mbele na nyuma ya boksi hilo. Gurudumu likikanyaga bomu, liling'oka pamoja na ekseli yake na kuruka zake, boksi la abiria likabaki. Fundi alichukua seti nyingine, akaifunga kwa nati na bolti, gari likarudi barabarani.

Kulitoa gurudumu sadaka ili mtu apone ni kanuni ambayo wasanifu hawajaiacha hadi leo. Ya pili ni umbali. Nguvu ya mlipuko hupungua haraka sana kadiri inavyosafiri, kwa hiyo kila sentimita kati ya ardhi na sakafu ina thamani yake. Ndiyo maana magari haya yameinuka juu kama mtu aliyepandisha suruali kuvuka mto.

Kanuni ya tatu imo ndani, nayo abiria haitambui mpaka aelezwe. Kiti cha gari la namna hii mara nyingi hakifungwi sakafuni. Huning'inizwa darini au kwenye kuta, na chini yake kuna vifaa vilivyokusudiwa kubonyea pole pole wakati gari linarushwa juu, ili pigo lisifike lote mgongoni. Pana mahali pa kuegesha miguu isiguse sakafu. Mkanda si ule wa kukatiza kifua tu. Hushika mabega yote mawili na kiuno, maana wengi waliosalimika na bomu huumizwa na dari wanapotupwa juu. Kila kisichofungwa, iwe jeki, spana au sanduku la risasi, hugeuka kombora ndani ya kabini.

Afrika Kusini, iliyokuwa ikipigana Namibia na Angola, iliyachukua maarifa haya na kuyapeleka viwandani. Mwaka 1978 jeshi lake lilianza kutumia Buffel, lililojengwa juu ya lori la Unimog, askari 10 wakiketi wamepeana migongo. Kisha likaja Casspir. Jina hilo halina maana katika lugha yoyote. Zilichukuliwa herufi za SAP, yaani polisi wa Afrika Kusini, na za CSIR, taasisi ya utafiti wa sayansi ambako mwanasayansi Vernon Joynt na wenzake walikuwa wakichunguza milipuko, zikachanganywa. Gari hilo la tani 11 hivi lilisanifiwa kuhimili mabomu 3 ya aina ya TM-57 yakilipuka kwa pamoja chini ya gurudumu, au 2 chini ya tumbo.

Kwa wakazi wa Soweto na vitongoji vingine, Casspir halikuwa chombo cha kuokoa maisha. Katika miaka ya 1980 polisi wa ubaguzi wa rangi waliingia nalo mitaani, likipita juu ya matofali na matairi yaliyokuwa yakiwaka, na vishindo vyake vikawa alama ya uonevu. Baada ya vita, gari lile lile lilipelekwa Msumbiji na Angola kusafisha barabara. Lilipita juu ya njia zilizoshukiwa huku likivuta hewa kupitia vichujio maalumu, kisha vichujio vikapelekwa kwa mbwa waliofunzwa kunusa kama vina harufu ya baruti. Kanuni hiyo ya kumpelekea mnyama harufu badala ya kumpeleka mnyama kwenye bomu ilichunguzwa pia Morogoro, ambako shirika la APOPO hufundisha panya buku kutambua mabomu.

Nje ya Afrika, magari haya yalichelewa kutiliwa maanani. Marekani iliingia Iraki mwaka 2003 ikiwa na Humvee, gari la chini lenye sakafu bapa. Waasi wakaanza kutega mabomu ya kujitengenezea kando na chini ya barabara, na mafundi wa Kimarekani wakajikuta wakifanya yale ya Rhodesia miaka 30 nyuma: kuchomelea vyuma chakavu milangoni na kupanga magunia ya mchanga. Kampuni moja ya South Carolina, ambayo Joynt alikuwa mmoja wa wataalamu wake, ilikuwa tayari ikitengeneza Cougar, mjukuu halisi wa Casspir. Mwaka 2007 Waziri wa Ulinzi Robert Gates alisoma gazetini kwamba Cougar za wanamaji zilishambuliwa zaidi ya mara 300 katika mkoa wa Anbar bila mwanamaji hata mmoja kufa ndani yake. Mei mwaka huo aliagiza magari ya aina hiyo, yanayojulikana kwa kifupi kama MRAP, yapewe kipaumbele kuliko ununuzi mwingine wote wa jeshi. Hatimaye zilinunuliwa zaidi ya 27,000, kwa gharama iliyokaribia dola bilioni 50.

Hapo tatizo la pili likajitokeza. Barabara za Iraki nyingi ni za lami na tambarare. Afuganistani ni milima, mabonde na njia nyembamba zenye kona na korongo pembeni. Gari la tani 14 au zaidi lililoinuliwa juu kukwepa bomu huwa na uzito wake mkubwa juu pia, kama mwanamke aliyejitwika ndoo akipita penye utelezi. Ukingo wa barabara ukimomonyoka, gari hupinduka. Askari ilibidi wafundishwe kwenye mashine maalumu zinazogeuza kabini juu chini, wajizoeze kufungua mikanda na kutoka wakiwa wananing'inia kichwa chini.

Mwaka 2009 kampuni ya Oshkosh ilipewa kazi ya kutengeneza M-ATV, MRAP ndogo zaidi ya porini. Badala ya ekseli nzima inayounganisha magurudumu mawili kama kwenye lori, kila gurudumu lilipewa springi na mikono yake, likapanda na kushuka peke yake. Gurudumu la kushoto likiingia shimoni, la kulia hubaki limeshika ardhi. Tumbo la mkuku likabaki, uzito ukapungua. Lakini nafasi nayo ikapungua: gari hilo hubeba watu 5 tu, akiwamo mpiga bunduki anayesimama juu.

Hapo ndipo hesabu ya msanifu inapokuwa ngumu. Akiuchongoa mkuku zaidi, mlipuko unapita vizuri, lakini sakafu inapanda na gari linayumba. Akiongeza bamba la kuzuia risasi nzito, springi na breki nazo lazima ziongezwe, na daraja la mbao la kijijini halitalibeba tena. Vioo ni tabaka nyingi zilizogandishwa pamoja, vizito, vinene, na dereva huona kidogo. Ili wanunuzi wasiuziwe maneno, nchi za NATO zina viwango vya kupima ulinzi huo. Kwenye ngazi ya 2, kilo 6 za baruti hulipuliwa chini ya gurudumu na chini ya tumbo. Ngazi ya 3 ni kilo 8, ya 4 ni kilo 10. Ndani huketishwa sanamu zenye ukubwa wa mtu na vipima nguvu miguuni, kwenye uti wa mgongo na shingoni. Gari linaweza kutoka kwenye jaribio likiwa zima na bado likaanguka mtihani, kama kipimo cha mguu wa sanamu kimevuka mpaka.

Tofauti kati ya kuzuia risasi na kuhimili bomu la ardhini ni muhimu kwa wasafiri wa Afrika Mashariki na Somalia, ambako mashirika mengi hutumia Land Cruiser zilizowekewa bamba. Kwa nje gari hilo halitofautiani sana na la kawaida, na risasi za bunduki linaweza kuzizuia. Sakafu yake, hata hivyo, ni ile ile bapa iliyo karibu na ardhi. Katika barabara za Lamu, Garissa na Mandera, polisi wa Kenya wamepoteza wenzao wengi ndani ya Land Cruiser zilizokanyaga vilipuzi.

Uganda ilipopeleka majeshi Mogadishu mwaka 2007, na Burundi ikafuata, Casspir zilikuwa miongoni mwa magari yaliyowapitisha askari katika mitaa iliyotegwa. Kenya baadaye iliagiza magari 118 aina ya Hizir kutoka Uturuki. Uganda iliamua pia kujenga yake: mwaka 2022 Rais Museveni alizindua kiwanda huko Nakasongola kwa ushirikiano na kampuni ya Streit. Gari lililotoka humo lilipewa jina la Kiswahili, Chui, ambalo kwa Kiingereza ni lile lile la kigari cha Konschel.

Kuna swali jingine ambalo wanaopanda magari haya hujifunza kuuliza mapema: tutatokaje? Mlango wa deraya una uzito wa mamia ya kilo, na mingine hufunguliwa kwa msaada wa mitambo ya hewa. Gari likilala ubavu, mlango wa juu hausukumiki kwa mkono. Kwa hiyo huwekwa matundu ya kutokea darini, na gari hufungwa winchi na ndoano za kuvutia, ili likikwama lijikwamue au livutwe na lingine kabla adui hajafika.

Machi 2025, huko Pont-Sondé nchini Haiti, gari la deraya la polisi wa nchi hiyo lilinasa katika mtaro unaoaminika kuchimbwa makusudi na magenge. Kikosi cha kimataifa kilichoongozwa na Kenya kilituma MaxxPro, MRAP za Kimarekani zenye mkuku ule ule, kwenda kulikwamua. Moja nayo ikanasa. Nyingine ikaharibika. Kisha yakaja mashambulizi, na askari mmoja wa Kenya hakurudi kambini.