Ramani za halijoto ya uso wa bahari na vimbunga katika delta ya Rufiji

Ramani za halijoto ya uso wa bahari ni picha zinazoonyesha joto la maji ya juu ya bahari kama lilivyopimwa na satelaiti. Watabiri wa hali ya hewa huzitumia pamoja na vipimo vingine ili kutambua sehemu ambako kimbunga cha tropiki kinaweza kuzaliwa au kuongeza nguvu. Kimbunga cha aina hiyo huitwa harikeni katika Atlantiki na taifuni katika Pasifiki ya magharibi, lakini ni kitu kilekile. Nchini Tanzania ramani hizi zinawahusu hasa wakazi wa pwani ya kusini, wakiwemo wale wa delta ya Rufiji katika wilaya ya Kibiti na wa kisiwa cha Mafia kilicho mbele yake. Kimbunga Hidaya kilifika huko Mei 2024.

Joto la bahari na nguvu ya kimbunga

Kimbunga huendeshwa na joto la maji. Bahari yenye joto hutoa mvuke mwingi. Mvuke huo ukipanda na kuwa mawingu huachia joto lililokuwa ndani yake, hewa ya katikati huzidi kupanda, na hewa ya pembeni hukimbilia kujaza nafasi iliyoachwa. Kwa kawaida maji yanatakiwa kuwa na joto la 26.5°C au zaidi, tena hadi kina cha mita 50 hivi. Tabaka jembamba la maji moto halitoshi, kwa sababu upepo wa kimbunga huikoroga bahari na kuleta juu maji ya baridi.

Namna ya kupima

Satelaiti haigusi maji. Hupima mnururisho unaotoka baharini, na kutokana na huo halijoto hukokotolewa. Vyombo vya infraredi hutoa picha yenye maelezo mengi lakini havioni chini ya mawingu. Vyombo vya mikrowevu hupenya mawingu mengi, ila picha yake ni ya kukadiria zaidi, huvurugwa na mvua kubwa na havifai karibu na nchi kavu. Kwa hiyo ramani nyingi huunganisha vipimo vya aina zote mbili na vile vya maboya na meli. Siku ya matlai, bahari ikiwa shwari na jua kali, tabaka la juu kabisa linaweza kupata joto la nyuzi moja au zaidi kuliko maji yaliyo chini yake. Ndiyo sababu baadhi ya ramani hutumia vipimo vya usiku peke yake.

Kwa nini rangi nyekundu haitoshi

Hapa ndipo wasomaji wengi wa ramani hizi hupotea. Bahari ya mashariki ya Mafia huvuka 26.5°C kila mwaka, na mwezi wa Machi au Aprili, kaskazi linapomalizika, ramani huwa nyekundu pwani nzima. Hata hivyo vimbunga vilivyofika Tanzania ni vichache: cha Zanzibar cha Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu, na cha Lindi cha Aprili 1952 ndivyo hukumbukwa zaidi.

Sababu ya kwanza ni mahali penyewe. Delta iko karibu nyuzi 8 kusini ya Ikweta, na nguvu itokanayo na mzunguko wa dunia, inayokifanya kimbunga kizunguke, hupungua kadiri unavyoikaribia Ikweta. Sababu nyingine ni upepo. Ukiwa na kasi au mwelekeo tofauti juu na chini, hukata mnara wa mawingu kabla haujakomaa. Hewa kavu nayo hudhoofisha. Kimbunga Jobo cha Aprili 2021 kilielekea Tanzania lakini kilidhoofika kikiwa bado baharini. Kenneth cha Aprili 2019 hakikudhoofika hivyo, bali kilipiga Cabo Delgado nchini Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma.

Ramani ya joto basi huonyesha mahali penye kuni. Haisemi kama moto utawaka, wala utaelekea wapi. Kwa mwelekeo hutazamwa picha za mawingu, vipimo vya upepo na hesabu za kompyuta. Katika Bahari ya Hindi ya kusini-magharibi ufuatiliaji huongozwa na kituo cha Réunion, na tahadhari kwa wananchi wa Tanzania hutolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA).

Hidaya na Kibiti

Hidaya kilikua mwanzoni mwa Mei 2024 juu ya maji ya moto mashariki mwa Tanzania, kikaelekea magharibi, na kupungua nguvu kilipofika Mafia tarehe 4 Mei. Mvua yake ilikata barabara ya Dar es Salaam–Lindi eneo la Somanga, wilayani Kilwa.

Kwa Kibiti na Rufiji hatari ilikuwa na upande wa pili. Mwezi wa Aprili mafuriko ya mto yalikuwa yameshafunika mashamba na nyumba, hivyo mvua mpya ingeikuta ardhi imeshiba maji. Hilo haliwezi kuonekana katika ramani yoyote ya bahari. Anayeishi katika visiwa vya delta anahitaji kujua mambo mawili kwa pamoja, yaani kinachokuja kutoka baharini na kina cha mto nyuma yake.

Kusoma ramani karibu na delta

Ramani za kila siku zinazopatikana bure, kama zile za NOAA ya Marekani zinazohusu matumbawe, zina miraba ya kilomita 5 hivi. Mraba mmoja unaweza kuchanganya mikoko, matope na mlango mzima wa mto, kwa hiyo rangi iliyo juu ya delta yenyewe haina uzito. Mlango bahari kati ya delta na Mafia nao hauna kina kirefu. Inafaa zaidi kutazama bahari kuu mashariki ya Mafia, na kulinganisha ramani za siku kadhaa badala ya moja iliyosambazwa kwa simu bila tarehe. Iangaliwe pia kama ramani ni ya halijoto yenyewe au ya tofauti na wastani wa miaka mingi, maana mara nyingi zote mbili hutumia rangi nyekundu. Katika ramani ya tofauti, maji ya 25°C wakati wa kusi yanaweza kupakwa nyekundu ingawa hayafikii kiwango cha kulisha kimbunga.

Kimbunga kikali kikishapita, mara nyingi huacha nyuma mkanda wa maji yaliyopoa ambao huonekana kwenye ramani kwa siku kadhaa.