Dalali wa Mahakama Hachukui Kila Kitu

Deni ni jambo la kawaida. Mkulima hukopa mbolea, mvua ikakatika, deni likabaki. Mama hukopa mtaji wa kuuza maandazi, mtoto akaugua, mtaji ukaishia hospitali. Mdai naye ana haki yake. Fedha ni zake na anazitaka. Akienda mahakamani akashinda, na mdaiwa asipolipa, mahakama inaweza kuamuru mali ya mdaiwa ikamatwe na kuuzwa kwa mnada. Anayefanya kazi hiyo ni dalali wa mahakama.

Hapo ndipo watu wengi hupotea. Wanaamini kwamba dalali akifika, basi, nyumba inabaki kuta tupu. Wako wanaokimbia usiku na kuwaacha wake zao na watoto. Wako wanaomwacha mtu yeyote aliyekuja na gari apakie godoro na sufuria, nao wanakaa kimya kwa aibu ya kudaiwa. Lakini sheria haisemi hivyo. Mtu anayedaiwa bado anatakiwa ale, alale, avae nguo, na afanye kazi. Asipofanya kazi, hilo deni lililobaki atalilipa na nini?

Kwa Tanzania Bara habari hii imo katika Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai. Ilitungwa mwaka 1966, na leo inaitwa Sura ya 33. Sheria hiyo inataja mali zinazoweza kukamatwa: ardhi, majengo, bidhaa, fedha na nyingine nyingi. Kisha inataja zile zisizokamatwa. Tuziangalie hizo.

Kwanza ni vitu vya ndani. Nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa, ya mke wake na ya watoto wake havikamatwi. Maana yake sufuria unayopikia ugali ni yako, hata kama unadaiwa milioni. Kitanda, godoro, shuka na blanketi unalojifunika, vivyo hivyo. Tena mapambo ya mwilini ambayo kwa desturi ya dini mwanamke hawezi kutengana nayo, nayo yanaachwa. Lakini angalia neno "lazima". Radio si nguo wala si chungu. Runinga, makochi na kabati la vioo vinaweza kuchukuliwa. Mtu mwenye masanduku matatu ya vitenge vipya asitegemee kwamba vyote vitaitwa nguo za lazima.

Pili ni zana za kazi. Fundi haachwi mikono mitupu. Seremala anabaki na randa, msumeno na nyundo yake. Fundi wa nguo anabaki na cherehani anayoshonea. Lakini vitanda ambavyo seremala amevitengeneza ili auze, hivyo si zana, hivyo ni bidhaa. Dalali anaweza kuvichukua.

Mkulima ametajwa peke yake, na hapa tusome polepole, maana wengi wetu ni wakulima. Sheria inamwachia mkulima zana za kilimo, na pia ng'ombe na mbegu ambazo, kwa maoni ya mahakama, anazihitaji ili aendelee kupata riziki kwa kilimo chake. Jembe, panga na plau vinabaki. Mahindi ya mbegu yanabaki. Ng'ombe je? Mzee mmoja aliniuliza darasani, "Mwalimu, mimi nina ng'ombe ishirini. Wote wanabaki?" Hapana, mzee wangu. Wanaobaki ni wale wa lazima kwa kilimo, na anayepima ni hakimu. Maksai wawili wanaovuta plau ni rahisi kuwatetea. Ng'ombe wengine kumi na wanane ni vigumu. Kwa hiyo mkulima asingoje dalali afike zizini ndipo aanze kueleza. Amweleze hakimu mapema, mahakamani, ana shamba kubwa kiasi gani, analima na nini, na mbegu za msimu ujao ni magunia mangapi. Hakimu hawezi kujua kwamba yale magunia mawili ya kona ya ghala ni mbegu kama hakuambiwa.

Tatu ni nyumba. Nyumba ya kuishi, au sehemu ya nyumba, anamokaa mdaiwa pamoja na mke wake na watoto wanaomtegemea, haikamatwi ili kulipa deni la hukumu. Wengi wakisikia hivyo hushangaa. Nasema tena: nyumba unamokaa. Nyumba ya pili uliyopangisha watu pale sokoni haimo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwa maoni yangu limewaumiza watu kuliko yote. Kinga hii ya nyumba ni ya deni la hukumu. Haimsaidii mtu aliyekwenda mwenyewe kuiweka nyumba yake rehani. Rehani ni nini? Ni kumwambia mkopeshaji, kwa saini yako, kwamba usipolipa achukue kitu fulani na kukiuza. Ukiweka nyumba au hatimiliki yako ya kimila rehani benki, benki inauza kwa nguvu ya ile karatasi uliyotia saini, na orodha tuliyoisoma hapo juu haizuii. Ndiyo sababu sheria za ardhi zinataka nyumba ya familia isiwekwe rehani bila mke au mume kukubali. Mume asije nyumbani na karatasi na kusema, "Tia dole gumba hapa, mama, ni mambo ya benki tu." Mama amejifunza kusoma. Aisome kwanza, ndipo aseme ndiyo au hapana.

Kuna na hawa wakopeshaji ambao watu wamewapa jina la kausha damu. Wanakopesha upesi, riba yao kali, na mtu akichelewa wanakuja kundi zima kubeba vyombo. Mkopeshaji si mahakama. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mtu anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni. Na leseni ya kukopesha si amri ya kuingia nyumbani kwa mtu na kubeba sufuria. Kama anadai, njia ya mahakama ipo wazi kwake kama ilivyo kwa mwingine. Lakini soma karatasi zake kabla hujapokea hizo fedha. Ukiona zimetaja kitanda, cherehani au ng'ombe kuwa dhamana, jua umeshaanza kutoa kwa mkono wako kile ambacho sheria ilitaka kukuachia.

Je, dalali wa kweli akifika, tufanye nini? Usipigane naye. Kumzuia mtu anayetekeleza amri ya mahakama ni kosa, na utaongeza kesi juu ya deni. Mwombe akuonyeshe amri. Isome. Tazama jina la mahakama, namba ya kesi, jina la mdaiwa na kiasi cha fedha. Kama jina si lako, mwambie. Muite mwenyekiti wa kitongoji aje ashuhudie. Kila kinachochukuliwa kiandikwe kwenye karatasi, nawe ubaki na nakala. Dalali haruhusiwi kuingia katika nyumba ya kuishi baada ya jua kuchwa wala kabla ya jua kuchomoza. Anayegonga saa nne usiku eti amekuja kukamata mali, huyo anavunja sheria hata kama karatasi yake ni halali.

Ikiwa amechukua kitu kisichokamatwa, nenda mahakama iliyotoa amri, upesi, kabla ya mnada. Na kama kilichochukuliwa si cha mdaiwa, mwenye mali ndiye anayekwenda. Tuseme deni ni la kaka, na mbuzi waliokamatwa ni wa dada yake aliyewafuga hapo hapo nyumbani. Dada huyo anaweza kuleta pingamizi mahakamani. Aende na mashahidi wanaojua mbuzi hao alivyowapata. Asichelewe, kwa sababu mahakama inaweza kukataa kusikiliza pingamizi lililocheleweshwa makusudi au bila sababu.

Sheria hii ya mwaka 1966 inatumika Mahakama ya Wilaya, Mahakama ya Hakimu Mkazi na Mahakama Kuu. Mahakama ya Mwanzo ina kanuni zake za kukamata mali. Kama kesi yako iko huko, muulize hakimu au karani akueleze vitu gani vinaachwa, kabla amri haijatoka.

Nieleze kidogo na habari ya kufilisika. Sisi tukisema fulani amefilisika, maana yetu hana kitu. Kwa sheria, kufilisika ni amri ya mahakama. Mali ya mdaiwa inawekwa mikononi mwa msimamizi, naye anawagawia wadai wote, kila mmoja kwa kadiri ya deni lake. Huko pia zana za kazi, nguo na matandiko huachwa. Sheria zetu za kufilisika zilifuata mfano wa Uingereza, na Waingereza wenyewe walikuwa na tatizo. Sheria yao ya mwaka 1914 ilisema zana, nguo na matandiko vyote pamoja visizidi thamani ya pauni 20. Miaka ikapita, bei zikapanda, pauni 20 ikawa haitoshi kununua hata kitanda na zana za fundi. Sheria yao ya mwaka 1986 ikaacha kutaja kiasi, ikataja vitu vyenyewe: zana na gari la lazima kwa kazi ya mtu, nguo, matandiko na vyombo vya mahitaji ya nyumbani. Kama kitu ni cha bei kubwa mno, msimamizi anaweza kukichukua na kumpa mdaiwa kingine cha bei nafuu. Mimi naona sheria inayotaja sufuria ni bora kuliko inayotaja shilingi, kwa sababu sufuria haishuki thamani jikoni.

Mwenye shida na asiye na fedha za wakili anaweza kutafuta msaidizi wa kisheria. Wasaidizi hao wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na huduma yao ni bure. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya yako. Uende na karatasi zote: mkataba wa mkopo, risiti za ulicholipa, amri ya mahakama, na ile orodha ya vitu vilivyochukuliwa.