Sokwe wa Gombe na Jembe la Mkulima

Ndugu Wanachama,

Huenda mwanachama akauliza: sokwe wa Kigoma na karafuu wapi na wapi? Jibu ni kwamba jirani za sokwe hao ni wakulima kama sisi, na uhai wa wanyama hao umeonekana kutegemea jembe la mkulima kuliko bunduki ya askari.

Kaskazini ya mji wa Kigoma, kiasi cha kilomita 16 kwa mashua, upo msitu wa Gombe. Ni kipande chembamba cha ardhi, upande mmoja Ziwa Tanganyika, upande wa pili mgongo wa milima. Ulifanywa hifadhi ya wanyama mwaka 1943, na mwaka 1968 ukawa Hifadhi ya Taifa. Julai 1960 alifika huko Bibi Jane Goodall, Mwingereza, kuwachunguza sokwe. Mwaka huo huo alimwona sokwe akichukua kijiti, akakipukutisha majani, akakitia katika kichuguu na kutoa mchwa wa kula. Kabla ya hapo wataalamu wakishika kwamba kutengeneza chombo cha kazi ni jambo la binadamu peke yake. Bibi huyo alifariki Oktoba 2025, na uchunguzi wa Gombe ungali ukiendelea.

Basi mtu atadhani kwamba mnyama aliyewekewa hifadhi amekwisha salimika. Sivyo, na sababu ni tatu.

Kwanza, uzazi wake ni wa polepole. Jike huzaa mara moja katika miaka mitano hivi. Akifa sokwe ni kama kufa mkarafuu mkongwe: pengo lake halizibwi msimu ujao.

Pili, maradhi ya watu humwambukiza. Mwaka 1966 ugonjwa wa kupooza uliwapiga sokwe wa Gombe, na hata mafua ya mtu yaweza kumwua sokwe. Ndiyo maana wageni huamriwa kukaa mbali nao.

Tatu, na hili ndilo kubwa, njia zimefungwa. Kwa desturi ya sokwe madume hubaki kwao, na majike wengi wakibaleghe huhamia kundi jingine, na kwa hivyo hupatikana damu mpya. Lakini kufikia miaka ya 1990 vilima vilivyo nje ya hifadhi vilikuwa vimekatwa miti kwa ajili ya mihogo, michikichi, kuni na makaa. Gombe ikabaki kama kisiwa. Sokwe waliokisiwa kuwa karibu 150 katika miaka ya 1960, leo wakisiwa kuwa karibu 90.

Haifai kuwalaumu wanavijiji. Watu walikuwa wameongezeka, wakimbizi kutoka Burundi na Kongo waliingia mkoani, na mwenye njaa haachi ardhi nzuri kwa ajili ya mnyama. Ila miti ilipoondoka, mvua iliteremsha udongo mpaka ziwani, na mashamba yakachoka. Hasara ikawa ya wote wawili, sokwe na mkulima.

Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianzisha mpango uitwao TACARE. Haukuanza kwa kukataza, bali kwa kuwauliza wanavijiji haja zao. Vikaja vitalu vya miche, maji safi, matibabu, na mikopo midogo kwa wanawake. Wakulima wa kahawa wa milimani, kama wa Kalinzi, walisaidiwa kupata wanunuzi wa Marekani waliolipa bei nzuri zaidi. Kisha vijiji vyenyewe vilipima ardhi na kutenga misitu ya kijiji, na visiki vya zamani vikaachwa vichipue. Picha zilizopigwa kutoka angani zaonyesha miti ikirudi katika baadhi ya vilima hivyo.

Jambo hili si geni kwetu. Popo wa Pemba alidhaniwa kukaribia kutoweka mwishoni mwa miaka ya 1980. Leo wapo kwa maelfu, kwa kuwa wanavijiji wenyewe, kama wa Kidike, walikubali kumlinda.

Basi mwanachama ambaye shamba lake limepakana na msitu, na apande miti ya kuni pembezoni mwa mikarafuu yake, na mpaka aujue yeye mwenyewe kabla ya kuonyeshwa na askari. Mkulima akitosheka na shamba lake, hana haja ya kuingia msituni na shoka.

Wenu,
Katibu