Nani Alipe, Nani Afundishe? Habari ya Madarasa ya Watoto Wadogo Mjini New York

Kama umekaa darasani na wenzako, fungua ukurasa huu ufuate kwa kidole maneno ninayoyasema. Kama u peke yako nyumbani, soma polepole. Usipofahamu jambo, rudi nyuma usome tena, si aibu.

Kwanza tutazame maneno ya leo.

Chekechea: darasa la watoto ambao hawajafikia umri wa darasa la kwanza. Wengine huliita darasa la vidudu.
Kodi ya mapato: sehemu ya pato la mtu ambayo sheria yamtaka ailipe serikali.
Bajeti: hesabu ya fedha itakayoingia na itakayotumika katika mwaka mmoja.
Hoja: sababu aitoayo mtu ili akubaliwe na wenzake.

Sasa tuingie katika habari yenyewe.

Wazee wetu walisema, udongo upate ungali maji. Karibu kila mtu hukubali kwamba mtoto mdogo afundishwe mapema. Ugomvi huanza pale mtu mmoja anaposimama mkutanoni na kuuliza: Nani atalipa? Na nani atafundisha? Leo tutaona jinsi mji mmoja mkubwa ulivyoshindana juu ya maswali hayo mawili.

Mji huo ni New York, nchi ya Marekani. Uko katika jimbo ambalo nalo huitwa New York. Mji una mkuu wake, ndiye meya. Jimbo lina mkuu wake, ndiye gavana, na baraza lake la kutunga sheria hukutana katika mji mwingine uitwao Albany. Kumbuka jambo hili: meya hana ruhusa ya kuongeza kodi ya mapato mpaka Albany wakubali.

Jimbo lilitunga sheria ya chekechea kwa watoto wote wa miaka 4 tangu mwaka 1997. Lakini sheria ni karatasi. Bila fedha haijengi darasa. Miaka mingi ikapita, na watoto wengi wakapata nafasi ya nusu siku tu, au hawakupata kabisa. Sasa fikiri: mama afanyaye kazi mpaka jioni atafanya nini na mtoto anayerudishwa saa sita mchana? Kabla ya mwaka 2014, watoto waliosoma siku nzima walikuwa kama 20,000 tu.

Mwaka 2013 Bill de Blasio aligombea umeya. Aliahidi chekechea ya siku nzima, bila ada, kwa kila mtoto wa miaka 4, na akasema wazi fedha itatoka wapi: itatoka kwa matajiri. Mtu mwenye mapato ya zaidi ya dola 500,000 kwa mwaka angeongezewa kodi ya mji katika sehemu iliyozidi hapo, kutoka asilimia 3.876 mpaka asilimia 4.41, kwa muda wa miaka 5.

Tuifanye hesabu hiyo pamoja. Tofauti ni asilimia 0.534. Maana yake, katika kila dola 1,000 zilizozidi zile 500,000, tajiri angetoa dola 5 na senti 34 zaidi. Mwenye dola 600,000 angeongezewa dola 534 kwa mwaka mzima. Mwenye dola 500,000 au chini yake asingeongezewa hata senti moja. Ilitumainiwa kupatikana kama dola milioni 530 kila mwaka, sehemu kwa chekechea na sehemu kwa masomo ya jioni ya watoto wakubwa kidogo.

De Blasio alishinda, akaanza kazi Januari 2014. Hapo hoja zikakutana.

Hoja ya meya ilikuwa hii: fedha ya bajeti hupangwa upya kila mwaka, na mwaka wowote yaweza kupunguzwa. Lakini kodi yenye kazi yake maalum haiguswi kwa miaka 5, na mwalimu hataajiriwa leo akafukuzwa kesho.

Hoja ya gavana, Andrew Cuomo, ilikuwa nyingine: chekechea ni jambo jema, lakini jimbo laweza kulipa kwa fedha iliyopo, basi kodi mpya ni ya nini? Mwaka ule yeye naye alikuwa akielekea uchaguzi, tena alikuwa ameahidi kupunguza kodi.

Wengine waliuliza: kwa nini mtoto wa tajiri naye asome bure? Si afadhali fedha ipelekwe kwa maskini peke yao? Wakajibiwa kwamba kitu cha maskini peke yao hukosa mtetezi siku ya bajeti, bali kitu kinachotumiwa na wote hulindwa na wote. Zipime hoja hizo mwenyewe.

Mwishoni mwa Machi 2014 bajeti ya jimbo ilipita. Mji ulipewa dola milioni 300 kwa chekechea. Kodi ya matajiri haikupita. Basi meya alipata fedha, lakini hakupata kodi.

Sasa swali la pili: nani atafundisha?

Septemba 2014 waliingia watoto zaidi ya 50,000. Mwaka uliofuata walizidi 65,000. Darasa moja lilikuwa na watoto wasiozidi 18, pamoja na mwalimu mmoja na msaidizi mmoja. Ukigawanya watoto 30,000 walioongezeka kwa 18, utapata madarasa kama 1,667. Hesabu hii ni ya kukadiria tu, maana madarasa mengine ya nusu siku yalikuwa na walimu tayari. Hata hivyo waona ukubwa wa kazi.

Na mwalimu si mtu wa kujaza nafasi tu. Huko Ypsilanti, Michigan, katika miaka ya 1962 mpaka 1967, watoto 123 wa jamaa maskini waligawanywa. 58 walipewa chekechea yenye walimu hodari, 65 hawakupewa. Walipofika umri wa miaka 40, waliosoma chekechea walikuwa wamemaliza shule kwa wingi zaidi, na waliokamatwa na polisi ni wachache zaidi. Lakini uchunguzi wa jimbo la Tennessee uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kinyume: waliopata chekechea ya jimbo walikuwa nyuma ya wenzao walipofika darasa la sita. Basi kumpeleka mtoto darasani hakutoshi. Yapasa kuuliza atakuta nini humo.

Zaidi ya nusu ya nafasi za New York hazikuwa katika shule za serikali. Zilikuwa katika vituo vya vyama vya watu, ambavyo mji huvilipa. Mwalimu wa kituo, hata akiwa na cheti kile kile, alipata mshahara mdogo kuliko mwenzake wa shule ya serikali, na mara nyingi alifanya kazi saa nyingi zaidi na likizo yake ikawa fupi. Matokeo yake ni rahisi kubashiri: mwalimu wa kituo alipopata uzoefu, alihamia shule ya serikali. Mtoto aliyemzoea akabaki akimwulizia.

Walimu wa vituo walidai haki yao, wakatishia kugoma. Julai 2019 yalifanyika mapatano: mishahara yao ipande hatua kwa hatua, hata kufikia Oktoba 2021 ilingane na mshahara wa kuanzia wa shule za serikali. Mshahara wa kuanzia tu, angalia sana neno hilo. Mwalimu wa miaka 15 hakuhesabiwa miaka yake.

Tangu mwaka 2017 mji ulianza pia madarasa ya watoto wa miaka 3. Wakati wa maradhi ya Korona, madarasa hayo yaliongezwa kwa msaada wa serikali kuu, msaada uliokuwa na mwisho wake mwaka 2024. Meya aliyefuata, Eric Adams, alisimamisha upanuzi, akisema nafasi nyingi zimekaa tupu. Wazazi wa mitaa mingine walijibu kwamba wao wanatafuta nafasi na hawaioni. Wote wawili walisema kweli: viti vilikuwa tupu mtaa huu, na watoto wako mtaa ule. Na vituo vingine vilicheleweshewa malipo hata vikashindwa kulipa mishahara.

Basi, ndugu, siku utakapoitwa katika mkutano wa wazazi ukasikia ahadi ya darasa la watoto, usipige makofi upesi, wala usikatae upesi. Inua mkono, uulize: Fedha hii ni ya mwaka mmoja au ya daima? Mwalimu atalipwa kiasi gani, ili asituache? Darasa litakuwa mtaa gani? Anayejua kuuliza hivyo amekwisha kuingia katika kazi ya kuendesha mji wake.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Mwenye mapato ya dola 700,000 angeongezewa kodi kiasi gani? Fanya hesabu ubaoni.
2. Wewe ungechagua hoja ya meya au ya gavana? Toa sababu moja.
3. Kwa nini walimu wa vituo walihama?
4. Andika sentensi tatu za kumwomba diwani wako akueleze fedha za shule ya mtaa wako zinatoka wapi.