Freddie Mercury: Mwimbaji mzaliwa wa Unguja anayezua mjadala hadi leo

MGENI anayetembea katika vichochoro vya Mji Mkongwe wa Zanzibar hachukui muda mrefu kabla ya kuonyeshwa nyumba aliyokulia Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen ya Uingereza. Tatizo ni kwamba nyumba zinazotajwa ni zaidi ya moja, na kwa miaka mingi watembeza wageni wamekuwa wakionyesha majengo tofauti.

Mkanganyiko huo hauhusu anwani peke yake. Mwimbaji huyo aliizungumzia kwa nadra sana Zanzibar alikozaliwa, na Zanzibar nayo kwa muda mrefu haikuwa na hamu kubwa ya kumzungumzia. Ili kukielewa kimya hicho cha pande mbili, hatuna budi kurejea katika historia ya familia yake, ambayo ni historia ya watu wa kuhama.

Mtoto wa keshia

Jina alilopewa na wazazi wake ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa Septemba 5, 1946, katika hospitali ya serikali mjini Unguja, wakati visiwa hivyo vikiwa chini ya himaya ya Uingereza. Baba yake, Bomi, alikuwa keshia wa Mahakama Kuu. Yeye na mkewe, Jer, walikuwa Waparsi kutoka Gujarat, India, na jina la ukoo wao linatokana na mji wa Bulsar ulioko katika jimbo hilo.

Waparsi ni wafuasi wa dini ya Zoroasta. Mababu zao walihama Uajemi zaidi ya miaka elfu moja iliyopita na kupata hifadhi India. Kwa hiyo Farrokh alikuwa mtoto wa jamii ndogo iliyokwisha kuhama mara mbili: kutoka Uajemi hadi India, na kutoka India hadi pwani ya Afrika Mashariki.

Akiwa na umri wa takriban miaka minane, alipelekwa shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, India. Huko ndiko alikojifunza piano, akaanza kuitwa Freddie, na mwaka 1958 akaunda na wanafunzi wenzake bendi iliyoitwa The Hectics. Sehemu kubwa ya utoto wake, basi, ilipita mbali na wazazi na mbali na Unguja.

Alirejea nyumbani mwaka 1963. Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10 mwaka huo, na mwezi mmoja baadaye, Januari 12, 1964, yakatokea Mapinduzi yaliyouangusha utawala wa Sultani Jamshid bin Abdullah. Watu wengi walipoteza maisha, hususan wenye asili ya Kiarabu na Kiasia, na maelfu wakaondoka. Familia ya Bulsara ilikuwa miongoni mwa walioondoka. Mwaka huo huo ilihamia Feltham, magharibi ya London. Freddie alikuwa na umri wa miaka 17.

Kutoka mitumba hadi Wembley

Maisha ya Uingereza hayakuanza kwa neema. Kijana huyo alifanya vibarua, vikiwamo vya uwanja wa ndege wa Heathrow, huku akisoma. Mwaka 1969 alihitimu masomo ya sanaa ya michoro katika Chuo cha Sanaa cha Ealing. Yeye na mpiga ngoma Roger Taylor walikuwa na kibanda katika soko la Kensington, wakiuza nguo kuukuu, biashara ambayo msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi angeiita mitumba bila kusita.

Mwaka 1970 aliungana na Taylor na mpiga gitaa Brian May. Ni yeye aliyependekeza bendi iitwe Queen, na nembo yake aliichora mwenyewe. Mpiga besi John Deacon alijiunga mwaka 1971, na albamu ya kwanza ikatoka mwaka 1973.

Wimbo uliowafikisha kileleni ni 'Bohemian Rhapsody' wa mwaka 1975, uliotungwa na Mercury. Ulikaribia dakika sita, hauna kiitikio, na katikati yake unageuka kuwa opera. Wapo waliohofia kwamba redio zisingeupiga kwa urefu wake. Badala yake ulishika namba moja nchini Uingereza kwa wiki tisa.

Julai 13, 1985, mbele ya watu wapatao 72,000 katika uwanja wa Wembley, Queen walipanda jukwaa la Live Aid, tamasha la kuchangia waathirika wa njaa nchini Ethiopia. Walikaa jukwaani dakika 20 hivi tu, lakini onyesho hilo linahesabiwa na wengi kuwa miongoni mwa maonyesho bora kabisa katika historia ya muziki wa roki.

Si kila ukurasa una sifa. Mwaka 1984, Queen walitumbuiza Sun City, Afrika Kusini, wakati Umoja wa Mataifa ukihimiza wasanii kuisusia nchi hiyo kutokana na ubaguzi wa rangi. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Kwa msomaji wa Tanzania, nchi iliyokuwa mstari wa mbele katika ukombozi wa kusini mwa Afrika, doa hilo haliwezi kupuuzwa.

Kwa nini alinyamaza?

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa, na wapo wanaoutumia msemo huo kumhukumu mwimbaji aliyebadili jina na asiyetaja kwao. Lakini hukumu hiyo inasahau mazingira. Uingereza aliyokulia ujana wake ilikuwa ikiwafungia mlango watu wa aina yake. Mwaka 1968, mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba kali dhidi ya wahamiaji, na mwaka huo huo Bunge likapitisha sheria ya kuwazuia Waasia wa Afrika Mashariki, hususan waliokuwa wakiondoka Kenya, wasiingie kwa wingi. Katika hali hiyo, jina la Freddie Mercury lilimfungulia milango ambayo jina la Bulsara huenda lingeifunga.

Alinyamazia pia maradhi yake. Aligundulika kuwa na virusi vya Ukimwi mwaka 1987, lakini hakutangaza hadi Novemba 23, 1991. Kesho yake alifariki dunia akiwa na umri wa miaka 45. Nchini Tanzania, ambako wagonjwa wa kwanza walibainika mkoani Kagera mwaka 1983, wasomaji wanaijua vyema aibu iliyowafanya wengi wafe bila kuutaja ugonjwa wao. Umaarufu haukumkinga na aibu hiyo.

Baada ya kifo chake, 'Bohemian Rhapsody' ulirudi namba moja, na wanamuziki wenzake wakaanzisha mfuko wa Mercury Phoenix Trust unaosaidia mapambano dhidi ya Ukimwi katika nchi mbalimbali.

Mvutano wa nyumbani

Mwaka 2006, mgahawa mmoja wa Unguja wenye jina lake uliandaa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu azaliwe. Jumuiya ya Uamsho ilipinga vikali, ikisema kwamba kumwenzi mtu aliyejulikana kuwa na uhusiano wa kimapenzi na wanaume ni kuidhalilisha Zanzibar yenye Waislamu wengi. Sherehe haikufanyika kama ilivyopangwa.

Hata hivyo, watalii hawakuacha kuuliza, na filamu kuhusu maisha yake iliyotoka mwaka 2018 iliongeza wanaouliza. Novemba 24, 2019, siku ya kumbukumbu ya kifo chake, makumbusho yenye jina lake yalifunguliwa Shangani. Mvutano haujaisha: kwa wapo wanaoishi kwa utalii jina hilo ni riziki, na kwa wengine bado ni aibu.

Pengine jibu la swali la asili lilitolewa siku ya mazishi yake mjini London. Mwimbaji aliyeutumia sehemu kubwa ya utu uzima wake kwa jina la kujichagulia aliagwa kwa dua za dini ya Zoroasta, zilizoongozwa na makuhani wa Kiparsi, wazazi wake wakiwapo. Siku hiyo aliagwa kama mtoto wa Bomi na Jer, waliomzaa Unguja miaka 45 kabla.